Aliyebisha Hodi kwa Ndani

Kwa miaka thelathini na mmoja Wehemka alizunguka piramidi kila asubuhi kwenda upande wa kaskazini, mtungi wa maji begani na mkate kwapani, na mji mzima ukamsifu kwa hilo. Hekalu la mfalme liko mashariki. Huko ndiko tunakomimina maji na kufukiza ubani, na ndiko tunakogawana mikate mfalme akishashiba. Kaskazini hakuna kitu. Kuna mchanga uliorundikana juu ya mlango uliozibwa, na mbweha wanaojikuna kivulini. Yeye alikwenda hivyo hivyo. Alimwaga maji, akavunja mkate nusu akauacha pale, kisha akaegemeza bega kwenye mawe kitambo, amefumba macho.

"Mwoneni yule," kina mama waliwaambia watoto wao wavivu. "Mfalme alishakufa zamani na bado anampelekea maji. Mimi niko hai, na maji hamniletei."

Mimi ni Seshi, mwandishi wa mji huu, na mimi pia nilimsifu. Mara mbili niliandika jina lake miongoni mwa watumishi wanaostahili nyama ya ng'ombe siku ya sikukuu. Haya ninayoyasimulia niliyajua baadaye sana, mengine kwa kinywa chake, mengine kwa kuwa nilikuwepo.

Baba yake alikuwa mvunja mawe ng'ambo ya Mto, na Wehemka alirithi kwake mikono mikubwa na uzito wa kusema. Alipofika umri wa kunyoa ndevu alivuka kuja kwetu, akaandikwa katika kikosi kilichojiita Walevi wa Mfalme. Vikosi vyetu hujipa majina vyenyewe. Waliokuwa wakivuta mawe upande wa pili wa mteremko wa udongo walijiita Wapenzi wa Mfalme, wakajiona waungwana, na kila siku palikuwa na matusi ya kutoka huku kwenda kule.

Katika Walevi hao alikuwemo Iru. Alikuwa mfupi, ana pengo la jino la mbele, na hakuwahi kugusa jiwe bila kulitukana kwanza. Watu wawili hawa, mmoja hasemi na mwingine hanyamazi, walipendana mara moja. Nyumbani kwa kina Iru mama alipika bia, na binti yake Merti ndiye aliyeigawa. Wehemka akaanza kwenda huko kila jioni.

"Hivi wewe," Iru alimwambia siku moja, wamekaa juu ya jiwe wanatafuna vitunguu, "kwetu unafuata bia au unamfuata dada yangu?"

"Bia."

"Jana Merti alikupa maji aliyooshea mtungi, ukasema bia ya leo imekolea."

Wehemka alicheka mpaka kitunguu kikampalia. Iru akampiga mgongoni mara mbili tatu.

"Muoe basi, tupumzike. Lakini ukimliza nitahamia kwenu, na ujue mimi nakula."

Akamuoa. Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, mfalme akafa.

Siku sabini mwili wake ulilala kwenye magadi ya kuukausha, na siku sabini Walevi walikuwa ndani ya piramidi wakimalizia kazi. Kazi ya mwisho ilikuwa ya watu wanne: Hetepi mnyapara wao, Wehemka, Iru, na bwana mmoja wa kusini ambaye Mto ulimchukua baadaye. Katika njia ya kuingilia chumba cha mfalme palikuwa na mawe matatu mekundu yaliyoinuliwa darini, kila moja limekalia magogo. Gogo likivutwa kwa kamba, jiwe linashuka, na hakuna mkono wa mtu utakaolipandisha tena.

Asubuhi ya mazishi sakafu ya chumba cha mbele ilikuwa na kinundu kilichokwamisha jeneza. Wehemka aliitwa akakichonga haraka kwa tindo yake ya shaba, makuhani wanamwangalia kwa hasira kama vile kinundu alikizaa yeye. Akaiweka tindo nyuma ya mitungi ya bia ya mfalme, akasaidia kusukuma, akatoka. Kisha ibada zikaendelea mpaka jua likapita utosini. Makuhani wakatoka mmoja mmoja. Wa mwisho alitoka kinyumenyume akifagia nyayo za watu wote, ili humo ndani usibaki unyayo wa mtu aliye hai.

Wale wanne wakashuka na taa moja. Iru alipita chini ya mawe yote matatu, akalegeza kabari za lile la ndani, akarudi akasema tayari. Hetepi akapanda hadi mlangoni kuomba ruhusa ya kuhani. Wengine wakabaki kusubiri katika joto lile, na Iru hakuweza kukaa kimya hata huko.

"Shemeji, tindo yako iko wapi?"

Wehemka akajipapasa kiunoni. "Nimeisahau ndani. Nyuma ya mitungi."

"Leo shaba inapimwa. Watakuchapa."

"Wanichape. Kuhani ameshafagia, siwezi kukanyaga tena."

"Kwani mguu wangu mkubwa?" Iru akasema, na Wehemka akadhani ni utani. Aligeuka kuizungusha kamba mkononi. Sauti ya Hetepi ikaja kutoka juu: "Vuteni!"

Wakavuta.

Jiwe la kwanza liliposhuka, vumbi lilizima taa. Wakarudi nyuma gizani wakikohoa, wakitafuta kamba ya pili kwa kupapasa. Wakaivuta. Wakavuta na ya tatu. Hetepi aliyekuwa ameteremka tena akauliza, "Wote mpo?"

Wehemka ndiye aliyejibu. "Tupo," alisema. Hakuwa amemgusa mtu wala kusikia sauti ya mtu. Alijibu tu, kama tunavyojibu wote tukiulizwa tumechoka.

Hapo ndipo aliposikia. Kwa mbali, ndani ya mawe, mara tatu. Kimya. Mara tatu.

"Mnyapara, umesikia?"

"Jiwe linakaa. Kila jiwe likishuka hukaa."

"Linagonga."

"Linakaa, Wehemka. Toka."

Akatoka. Huko nje watu walikuwa weupe kwa vumbi la chokaa, hakuna aliyetambulika na mwenzake, na bia ya msiba ilishaanza kugawiwa. Alijiambia Iru ametangulia kwenye bia. Wapenzi wa Mfalme walikuwa wakisukuma mawe ya kuziba njia, na yeye akasaidia, bega lake likitangulia mabega ya wengine, mpaka jiwe la mwisho likaingia mahali pake. Kuhani mkuu akapaka lipu, akagonga muhuri.

Jua lilikuwa bado halijashuka mlimani shaba ilipopimwa. Mpimaji akafika kwake.

"Tindo yako?"

Wehemka aliniambia kwamba katika muda ule, kabla ya kufungua mdomo, alijua kila kitu. Alimwona Iru akinyata kwa vidole vya miguu ili asiache alama kubwa, amejibana kicheko. Alijua pia kwamba mawe yale hayainuki, na kwamba kuyavunja ni kuivunja nyumba ya mfalme, na kwamba aliyesema "tupo" ni yeye.

"Iru alikuwa nayo," akasema.

"Iru yuko wapi?"

"Sijui."

Kufika jioni Iru alikuwa mwizi aliyetoroka na shaba ya mfalme. Walinzi walikwenda nyumbani kwao, wakavunja mitungi, wakachimbua sakafu. Mama yake alipigwa fimbo ishirini mbele ya majirani ili aseme mwanawe amejificha wapi. Alikuwa mama mnene mwenye haya, na hakulia kwa fimbo, alilia kwa kuvuliwa shuka. Wehemka alikuwepo. Alisimama nyuma ya mgongo wa Hetepi.

Kesho yake asubuhi alikwenda kaskazini mwa piramidi kwa mara ya kwanza. Aliweka sikio. Tatu, kimya, tatu.

Mimi sijui kama binadamu anaweza kusikia kupitia mawe mengi kiasi hicho. Yeye alisema alisikia, na sikuwahi kumkamata kwa uongo mwingine zaidi ya ule mmoja. Kilichomtesa kuliko vyote ni chakula. Humo ndani mlikuwa na mikate, bata waliokaushwa, tini, mitungi na mitungi ya bia, vya kumtosha mfalme safari yake yote. Mtu mwenye njaa angekufa baada ya siku chache. Lakini Iru alikuwa mlaji. Wehemka akawa anamhesabia. Leo amemaliza bata wa kwanza. Leo pengine amepata joto, amelala karibu na jeneza kwa sababu jiwe lake ni baridi. Siku ya nne mapigo yalikuja kwa kasi, bila kupumzika. Siku ya tisa lilikuwa pigo moja, kisha kitambo kirefu, kisha moja. Siku ya kumi na mbili hakusikia kitu. Alirudi nyumbani akalala usingizi mzito, akamka akaona aibu kwa kulala vile.

Siku ya kumi na tatu Merti alikuwa uani akitwanga shayiri. Akaacha kutwanga ili afute jasho, na mlio haukuacha. Tatu, kimya, tatu. Tangu hapo haukukoma tena.

Miaka ikapita hivyo. Wehemka akaacha kazi ya mawe, akaomba utumishi hekaluni, wa kubeba maji na kufagia. Walimpa upesi, nani angekataa mtu mwenye moyo ule? Walizaa binti mmoja, Nebet, ambaye aliolewa ng'ambo ya Mto. Mama mkwe alikufa, na siku zake za mwisho alikuwa akiita, "Iru, mwanangu, rudisha hicho kitu cha watu." Merti alirithi mitungi ya bia, akarithi na jina la dada wa mwizi. Watu wakinywa wakilewa walimtania: "Merti, usiniibie bakuli langu, damu ni moja!" Alicheka nao. Akifika ndani alikuwa akimlaani kaka yake, na baada ya kumlaani alimwekea kando bakuli la bia, pengine atatokea. Asubuhi Wehemka ndiye aliyelimwaga na kulisuuza bakuli lile.

Siku moja akarudi mtu anayeitwa Bebi kutoka machimbo ya shaba, kule mashariki, nchi ya mawe matupu, mwendo wa siku nyingi kwa punda. Jicho lake moja lilikuwa limekufa. Alikaa kwa Merti akanywa, akasema huko machimboni kuna mzee wa upande wetu, anachechemea, anaitwa Iru.

"Ana pengo la jino?" Merti akauliza.

"Pengo? Kubwa. Mbele hapa."

Mimi nilikuwepo, na naapa Bebi alikuwa hajawaza pengo lolote mpaka alipoulizwa. Lakini Merti alishamjazia bakuli la tatu bila malipo. Wiki ile ile aliuza majora mawili ya kitani na bata wake wote, akaoka mikate mikavu ya safari, akapata nafasi katika msafara wa punda. Alikuwa amepita miaka hamsini na magoti yanamuuma. Watu walipomwambia atafia njiani alisema basi atafia nusu ya njia ya kwenda kwa kaka yake, ni afadhali kuliko kufia hapa.

Siku mbili kabla ya punda kuondoka alikuja barazani kwangu. Mumewe alikuwa nyuma yake, amembebea kigoda.

"Mwandishi, niandikie barua. Nikianguka njiani, mwenye punda amfikishie Iru."

"Sema, mama." Nikatwaa kigae kipana, nikalowesha kalamu.

"Iru, mimi Merti dada yako. Mama amekufa. Alikufa anakuita. Umeandika?"

"Naandika, mama."

"Usiruke maneno, Seshi, nakujua. Andika: ile shaba tumekusamehe. Shemeji yako amekusamehe pia, ingawa ulimwaibisha mbele ya mnyapara wake. Hajawahi kukusema vibaya hata siku moja. Njoo nyumbani. Atakayekuita mwizi nitampasulia mtungi kichwani."

"Usiende," Wehemka akasema.

"Hayo tumeshayamaliza, baba Nebet."

"Hayuko huko."

"Umejuaje wewe?"

"Yuko hapa." Akaonyesha kwa kidevu. Kutoka barazani kwangu piramidi huonekana yote, inaziba nusu ya mbingu.

Merti alidhani anataniwa. "Acha mambo yako mbele za watu," alisema. Kisha akamtazama usoni, akakaa kwenye kigoda.

Wehemka alisimulia amesimama, mikono yake mikubwa imening'inia. Hakuruka kitu. Alisema habari ya tindo na kamba, akasema na neno lile alilolijibu gizani, na fimbo ishirini, na bata waliokaushwa. Nilishika kalamu hewani mpaka wino ukakauka. Alipomaliza, kuku wa jirani alikuwa amepanda barazani na hakuna aliyemfukuza.

Nilitegemea Merti apige kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Anapumzika. Tatu."

"Ulimjibu?"

Wehemka akamtazama yule kuku.

"Nakuuliza wewe. Na wewe ulimgongea, hata mara moja, ajue kuna mtu?"

"Hapana."

"Siku zote kumi na mbili."

"Niliogopa watanisikia."

Merti akainuka. "Futa hiyo," akaniambia, na mimi nikafuta kwa kitambaa kibichi mpaka kigae kikabaki na wingu jeusi. Alishateremka ngazi. Magoti yale yaliyokuwa yakimuuma yalimpeleka mbio mpaka kaskazini mwa piramidi, sisi tunamfuata kwa nyuma, na alipofika akaokota jiwe la ukubwa wa ngumi akagonga ukutani. Mara tatu. Akasubiri, shavu lake limegusa mawe.

"Amejibu?" akauliza bila kugeuka.

Wehemka alikuwa akilia. "Amejibu."

"Mimi sijasikia." Akagonga tena, kwa nguvu, vipande vidogo vyeupe vikaruka. "Amejibu?"

"Ndiyo."

"Seshi, wewe umesikia?"

Nilisikia upepo na mwewe. Ningeweza kudanganya, mwandishi hana haya. Lakini alikuwa amenigeukia. "Sijasikia, mama," nikasema.

Akakaa chini mchangani. "Mimi ndiye dada yake," alisema. "Tumenyonya ziwa moja. Mbona anamgongea huyu, mimi hanigongei?"

Tulikaa pale mpaka kivuli cha piramidi kikatufunika.

Punda waliondoka bila yeye. Badala yake alikwenda kwa Hetepi, yule mnyapara wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa kipofu, anakaa mlangoni kwa mwanawe anafukuza nzi. Nilimsindikiza kwa kuwa alitaka shahidi.

"Mzee Hetepi, siku ya mazishi ulisikia nini?"

"Nilisikia jiwe linakaa."

"Mzee."

"Jiwe, binti yangu."

Merti akachuchumaa mbele yake akamshika mikono, akasubiri. Alisubiri sana. Mwisho mzee akainamisha kichwa.

"Jiwe haligongi mara tatu," akasema. "Nilijua. Ningesema nini? Nilikuwa na watoto sita."

Siku ya kugawa mikate, watumishi wote wa hekalu wakiwa uani, Wehemka akasimama mbele yao. Merti ndiye aliyemtaka asimame. Hakutaka afungwe wala achapwe, alitaka jina la kaka yake lirudi. Akasema: "Iru hakuiba. Tindo ilikuwa yangu, alirudi kunichukulia. Mimi nilivuta kamba, na mimi nilisema tupo. Mama yake alipigwa kwa uongo wangu."

Mkuu wa makuhani alikuwa kijana mnene wa miaka thelathini. Kwanza alicheka, kisha akawa mwekundu.

"Unasema mfalme amelala chumba kimoja na mchonga mawe?"

"Angalau ana wa kupiga naye soga," akasema bibi mmoja wa nyuma, na watu wakacheka kwa hofu, kile kicheko cha kupumulia puani. Kisha wote wakaitazama mikate iliyorundikwa mbele yao. Nadhani kila mmoja alikuwa akiwaza mikate aliyowahi kuila pale hekaluni, kwa miaka mingapi, huku mtu yule yuko ndani.

Jambo lile halikupelekwa kwa wakubwa. Muhuri uliogongwa juu ya mlango ule uligongwa na baba yake mkuu huyo huyo, na kupeleka habari kungekuwa kuandika kwamba baba yake alimzika mtu hai. Alimwondoa Wehemka kazini, basi. Wehemka alipoondoka uani watu walimpisha njia pana. Kina mama hawakuwaonyesha watoto wao tena.

Lakini watu wa vikosi, wazee waliobaki, Walevi na hata Wapenzi, walikuja kwa Merti mmoja mmoja na vitunguu, na samaki wakavu, wakaomba radhi kwa utani wa miaka yote. Wakampa nafasi katika makaburi ya wafanyakazi, pale mlimani, ya kumwekea Iru jiwe la mlango, lile ambalo roho hupitia kuja kupokea chakula. Wehemka alilichonga mwenyewe. Hakutaka chombo cha shaba. Alitumia mawe magumu, akachukua msimu mzima wa mafuriko. Mimi nilimchorea herufi: Iru, wa kikosi cha Walevi, asiye na kosa.

Mtu atauliza Merti aliishije na mume yule. Alimhamishia kitanda chumba cha nyuma. Chakula alimpa. Kwa muda mrefu hakumwita kwa jina. Lakini kila asubuhi alimtoa kwenda kaskazini, na huko alikuwa anagonga, na Wehemka anasikiliza.

"Leo?" anauliza.

"Leo polepole."

"Amechoka?"

"Hapana. Ametulia."

Siku nyingine niliwakuta nikipita na punda wangu. "Leo?" Merti akauliza, na Wehemka akakaa na sikio ukutani muda mrefu, kisha akasema, "Leo anagonga ovyo ovyo. Kama siku zile alipokuwa akipiga ngoma kwenye mtungi wa mama, akamwagiwa maji." Merti akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio. "Alimwagiwa ya moto," akasema. "Mama alidhani ni baridi."

Sijui kama mwishoni Wehemka alikuwa akisikia kweli au alikuwa akimtungia. Nilimuuliza mara moja, tukiwa wawili. Aliniangalia kwa macho mekundu ya mtu ambaye hajalala sawasawa tangu ujana.

"Seshi," akasema, "ningekuwa natunga, ningemfanya anyamaze."

Mwaka wa tatu kifua kikamshika. Alikufa mchana, Nebet na Merti wakiwa naye, na neno lake la mwisho lilikuwa la kawaida tu, aliomba mlango ufungwe kwa sababu ya vumbi. Merti alimwosha mwenyewe. Hakuruhusu hata binti yake amsaidie kuiosha mikono ile. Aliiosha kidole kimoja kimoja.

Jioni ile alikuja barazani na bakuli jekundu, jipya, la kumwekea marehemu kichwani. Ndani ya bakuli kama hilo ndimo tunamoandika tukiwa na jambo la kumwambia mtu aliyekwenda Magharibi.

"Andika," akasema. Sauti yake ilikuwa imara. "Wehemka, mimi Merti. Jiwe halikuzuii tena. Pita, usisimame nje. Mwambie Iru kwamba mama alizikwa vizuri. Mwambie jina lake limeandikwa na watu wamelisoma. Mtoe humo. Akikataa kwa hasira, kaa naye mpaka hasira iishe, mimi nitakaa peke yangu. Usije ndotoni kwangu kabla hujamtoa."

Nikaandika nikizungusha bakuli kidogo kidogo, mistari ikishuka kuelekea katikati. Nafasi ilibaki ndogo.

"Nimalizie vipi, mama? Dada yake Iru?"

Alifikiri. Aliliangalia bakuli, akapitisha kidole ukingoni ambako wino ulikuwa haujafika.

"Andika mkeo," akasema.

Tulimzika mlimani. Baada ya mavuno Nebet akaja na mashua kumchukua mama yake, naye akaenda bila ubishi, na mitungi yake sita. Anaishi huko sasa. Wanaovuka kutoka kule huniambia yu mzima, amenenepa, anagombana na mkwewe juu ya chachu ya bia kila siku. Huwa natuma salamu. Kuhusu ndoto sijamuuliza, na yeye hajanitumia neno.